Kantini iandike kuku kama ni kuku

Sisi wa sendika tumezoea kuandika hapa juu ya mushahara na vumbi ya mgodi. Leo tuongee nyama. Musicheke, ndugu, hii nayo ni maneno ya kazi.

Pa kantini ya kazi moja hapa Katanga, karatasi ya ukutani inasema kila Ijumaa: eskalopu ya ndama. Wafanyakazi wakikata kisu, ni kuku, tena kuku ya barafu, imefichwa ndani ya ganda nene la mkate. Na tunapoketi na wakubwa kuhesabu faida za mfanyakazi, chakula kile wanakihesabia bei ya ndama. Hapo ndipo tunakataa.

Kule Austria hawaruhusu muchezo huu. Jina Wiener Schnitzel ni la nyama ya ndama tu. Mwenye restora akitia nguruwe, anapaswa kuandika nguruwe, na mulaji anajua analipa nini.

Wengine watauliza: mutu wa mgodi anajua nini juu ya eskalopu? Baba zetu wengine walikuwa wapishi kwa Wazungu wa Union Minière, na bamama walileta ile mapishi mpaka nyumbani. Kata nyama ya paja, ipige polepole mpaka ibaki milimita 5 hivi. Tia chumvi. Ipitishe ndani ya unga wa ngano, kisha yai, kisha mkate mukavu uliosagwa; mkate wa juzi unatosha kabisa. Usikandamize na mukono! Ukikandamiza, ganda linagandana na nyama, halivimbe tena. Mafuta yawe mengi, nyama iogelee, na utikise kikaango ili mafuta yapande juu yake. Siagi iliyochujwa ndiyo tamu, lakini bei yake munaijua. Ikipata rangi ya dhahabu, itoe, kamulia ndimu, kula palepale. Ile ya kantini inapikwa saa nne na kuliwa saa saba, imelowa kama kitambaa.

Ndama iko bei, ni kweli. Siku haiko, tunapika kuku kwa njia ileile, na watoto tunawaambia: hii ni kuku. Kantini nayo iandike kuku, ihesabu kuku, na ile tofauti irudi ndani ya mushahara. Tutaweka neno hili mezani kwenye mukutano unaokuja. Mwenye kuwa na picha ya ile karatasi, amupe delege wake mbele hawajaitoa pa ukuta.