Picha ya feri ipigwe kabla, si baada

Ninyi jamaa za wahami mnaosoma haya kwa simu moja inayozunguka kutoka mkono hadi mkono chini ya bashi, leo siwaletei habari. Leo ninagombana.

Mwaka jana nilikuwa kwenye bandari moja ya ziwa letu la Kivu. Jina lake naliacha, kwa sababu jambo hili haliko bandari moja tu. Boti ilikuwa inapakia: mifuko ya makaa, maharagi, magodoro, bido za mafuta, pikipiki tano, mbuzi, na watu wamekaa juu ya mizigo hiyo yote. Ubavuni boti ilikuwa na mstari wa rangi, na maji yalikuwa yameupita ule mstari. Nikatoa simu, nikakamata picha mbili. Askari mmoja akanikaribia: “Wewe mtu wa radio, futa hizo foto. Hapa ni sehemu ya usalama.” Nikafuta. Niliogopa, sikatai.

Boti iliondoka, ikafika salama, Mungu asifiwe. Na kwa sababu ilifika salama, hakuna mtu aliyeniuliza neno. Lakini mimi nimebaki na swali: usalama wa nani? Wa wale waliokaa juu ya makaa, ama wa yule aliyepokea pesa za watu kupita kiasi?

Wote tunakumbuka siku ya nne, tarehe 3 Oktoba 2024. Boti MV Merdi ilitoka Minova kuelekea Goma. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo ziwa ndilo lilikuwa barabara ya masikini, ya mwanafunzi, ya mama wa soko na ya mhami. Ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa ng'ambo wanaitazama. Simu zilikuwa zimeinuliwa. Boti ilionekana ikilala upande, watu wakianguka majini. Siku ileile picha hizo zilizunguka dunia nzima, na hakuna mtu aliyesema ni sehemu ya usalama.

Ndiyo kusema kwetu sheria ni hii: boti ikipakia, picha ni kosa, boti ikizama, picha ni ruhusa. Mimi nasema sheria hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Picha ya kuzama inalilia watu. Picha ya kupakia ingeweza kuwaokoa.

Tukumbuke na hesabu. Siku ya kwanza, gavana wa Kivu Kusini alisema ndani kulikuwa watu 278, na 78 wamekufa. Hesabu zingine zilizotoka baadaye hazikufanana na hiyo. Jamaa wakatembea kati ya ng'ambo, hospitali na nyumba ya wafu, wakiuliza: mtoto wangu alipanda, ama alibaki Minova? Mhami amekwisha kupoteza nyumba, shamba na ng'ombe. Je, apoteze hata uhakika wa kujua mtu wake alipanda boti gani? Picha moja ya watu wakiingia, ama picha ya orodha yenye majina, ikibaki kwenye nchi kavu, ingejibu swali hilo kwa dakika tano.

Mtu ataniambia: “Hiyo ni shida ya boti zetu ndogo. Kule baharini, kwenye feri kubwa za chuma zinazobeba magari, mambo ni mengine.” Sawa. Twende baharini.

Nilifika Mombasa nikimsindikiza mjomba wangu aliyefuata gari ya mtumba bandarini, kama wafanyabiashara wengi wa Goma na Butembo wanavyofanya. Yeye akishughulika na karatasi zake, mimi nikaweka nusu siku Likoni, pale feri zinapovusha watu na magari kati ya kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini. Kazi yake ni ile ya baki zetu za mtoni, kama ile ya Kindu juu ya Lualaba, ila hii inafanya kazi mchana na usiku, na kila siku watu wanaovuka wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mwenye kutembea kwa miguu halipi kitu. Gari inalipa.

Niliambiwa picha haziruhusiwi. Nikaweka simu mfukoni, nikatoa daftari. Kwa daftari pia mtu anaona. Feri ile ina mlango wa chuma mbele na nyuma, unaoshuka kama ulimi juu ya sementi. Gari zinaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine, bila kugeuka. Nikaangalia mlango: umeinuliwa mpaka wapi? Nikaangalia magurudumu: kuna kitu kinachoyazuia, ama breki tu? Nikaangalia watu: wangapi wamesimama kati ya malori na mikokoteni, na koti za kuokolea, zile tunaita jile, ziko wapi? Sikuwa fundi wala kapiteni. Nilikuwa na macho tu, na kila swali nililoandika lilikuwa ni jambo ambalo mama anayebeba ndizi naye angeweza kuona.

Kwa nini nauliza hivyo? Siku ya Yenga, tarehe 29 Septemba 2019, palepale Likoni, gari moja ndogo ilirudi nyuma feri ikiwa katikati ya maji, ikapita kwenye mlango wa nyuma, ikaanguka. Ndani mlikuwa mama na binti yake mdogo. Abiria walichukua video, na Kenya nzima ikaiona ile gari ikielea, kisha ikiisha. Ilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58. Ni baada ya hapo kila mtu alianza kuuliza juu ya milango, juu ya breki, juu ya waokoaji. Lakini milango ile ilikuwa mbele ya macho ya watu kila siku, miaka na miaka.

Na siyo mara ya kwanza. Tarehe 29 Aprili 1994, si mbali na hapo, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu wapata 270. Tarehe 20 Septemba 2018, kwenye Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Rudia kusoma hapo: wafu peke yao walipita mara mbili ya watu walioruhusiwa kupanda. Mtu anaweza kuniambia hakuna aliyeona wakati watu wale wanaingia? Waliona wengi. Macho yalikuwepo. Kilichokosekana ni haki ya jicho kusema kitu na kusikilizwa.

Twende hata Ulaya, tusionekane tunajidharau Waafrika. Tarehe 6 Machi 1987, feri ya magari iliyoitwa Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Mtu aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala. Kapiteni, kutoka pale alipokaa, hakuweza kuiona milango, na hakuwa na taa ya kumjulisha. Maji yakaingia kwenye sakafu ya magari, feri ikalala ubavu kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Watu 193 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba makapiteni walikuwa wamekwisha kuomba taa za kuonyesha kama milango imefungwa, na wakubwa wa kampuni wakalichukulia ombi lile kama mchezo. Mwaka 1988 sheria za kimataifa za bahari zikabadilishwa: feri za namna hiyo ziwe na taa za kuonyesha milango, na kamera ama njia nyingine ya kuangalia kama maji yanaingia.

Mmesikia? Kamera! Wenzetu walizika watu 193, kisha wakasema kwa sheria kwamba lazima mlango wa feri uangaliwe, kwa kamera ama kwa njia nyingine. Sisi tunazika, kisha tunasema lazima kamera ifukuzwe bandarini.

Hata ule mstari wa rangi nilioona ubavuni mwa boti una historia. Mtu mmoja wa bunge la Uingereza, Samuel Plimsoll, alipigana kwa miaka mingi na matajiri waliokuwa wakipakia meli kupita kiasi, na mwaka 1876 sheria ikalazimisha meli za kule ziwe na alama ya mzigo. Na alama hiyo haipakwi ndani, chumbani mwa kapiteni. Inapakwa nje, ubavuni, pale mtu aliyesimama ng'ambo anaweza kuiona. Mstari ule uliwekwa kwa ajili yako wewe uliyesimama kwenye nchi kavu. Anayekukataza kuutazama ameugeuza kuwa pambo.

Najua majibu yao. La kwanza: “Tuko kwenye vita, adui atatumia picha.” Vita nakubali, na mimi pia sitaki kuonyesha silaha wala mahali askari wanalala. Lakini mstari wa maji ubavuni mwa boti ya maharagi ni siri gani ya jeshi? Adui akijua kwamba tumepakia watu kupita kiasi atapata faida gani, wakati sisi wenyewe ndio tunaowaua? Kila anayeshika bandari, awe wa jana, wa leo ama wa kesho, analeta neno hilohilo la usalama, na kila mara raia ndiye anazama.

Jibu la pili lina ukweli, na sitalikwepa: “Picha zinaweza kuumiza watu.” Ndiyo. Kati ya wahami kuna mtu anayetafutwa, kuna msichana aliyekimbia mtu mbaya, kuna baba asiyetaka sura yake ionekane. Tena kuna sisi waandishi ambao tumekuwa tukikimbilia maiti kama inzi, tukituma miili ya watu kwenye simu kabla ya jamaa kujulishwa. Hilo ni aibu yetu na ninaomba msamaha kwa sehemu yangu. Lakini dawa yake si kufunga macho. Dawa ni kujua cha kupiga. Piga mstari wa maji, usipige sura. Piga mlango, magurudumu, mizigo, jina la boti. Piga ukiwa kwenye nchi kavu, si ukiwa umesimama mlangoni unazuia watu. Na ikitokea shida, weka simu chini, tupa kamba.

Jibu la tatu halisemwi kwa sauti: “Ukipiga picha, watu watakataa kupanda na mwenye boti atapata hasara.” Hilo ndilo jibu lenyewe. Mengine ni nguo lilizovaa.

Basi ninadai mambo matatu, na ninayadai kwa watu wote wanaosimamia bandari, kubwa ama ndogo. Moja: idadi ya watu na mizigo iliyoruhusiwa iandikwe kwa herufi kubwa kwenye boti na kwenye bandari, kwa Kiswahili, watu wasome. Mbili: watu wahesabiwe kabla ya boti kuondoka, majina yaandikwe, na nakala ibaki kwenye nchi kavu. Orodha inayozama pamoja na boti si orodha. Tatu: raia yeyote aruhusiwe kutazama, kuandika na kupiga picha ya boti inayopakia. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haikusema “isipokuwa bandarini.”

Na ninyi jamaa, msingoje wakubwa wakubali. Mtu wako akipanda, aandike kwenye simu jina la boti na saa ya kuondoka, akutumie. Kama hana simu, mtafutieni mwenye simu. Mkiona maji yamepita mstari, msipande. Na kama mtu amekwisha kulipa, tupazeni sauti wote pamoja arudishiwe pesa zake. Mtu mmoja akilalamika anafukuzwa. Watu hamsini wakikataa kupanda, kapiteni atashusha mizigo.

Mimi nilifuta picha mbili. Kama boti ile ingezama mbele kidogo, zingekuwa ndizo ushahidi peke yake wa nani alikuwa ndani na maji yalikuwa yamefika wapi. Haikuzama, na mimi nililala usingizi kama mtu asiye na deni. Lakini deni liko. Siku nyingine nikiambiwa futa, nitajibu kwa heshima: “Afande, kwanza tuutazame huu mstari pamoja, mimi na wewe. Kisha uniambie kama mama yako angepanda.”

Ni mimi mwandishi wenu, kando ya ziwa.