Metanoli mu meli: safi kwa nani?

Wandugu watumikaji, shaba na kobalti yetu haiishii Kasumbalesa. Inapita na kamyo mpaka Durban ao Dar es Salaam, kisha inapanda meli. Basi mafuta ya meli inatuangalia na siye.

Meli nyingi zingali zinachoma mazuti nzito, ile nyeusi yenye moshi wa kiberiti. Sasa wenye meli wanasema dawa ni metanoli, namna moja ya alkoli. Haiko ndoto. Mu 2015 motere za feri Stena Germanica, ya kati ya Göteborg na Kiel, zilibadilishwa ili ziikule. Mu 2023 Maersk ikatoa meli ya makontena, Laura Maersk. Mwaka uliofuata ikatoa Ane Maersk, kubwa zaidi ya ile.

Metanoli haina kiberiti, na masizi yake ni kidogo sana. Hapo tunakubali. Lakini inatoka wapi? Sehemu kubwa inatengenezwa na gazi ya chini ya udongo, na kule China na makaa ya mawe. Ukichoma ile, kaboni inatoka paka vile, na moshi wa usini unaongezeka juu yake. Ile ya kijani kweli, ya takataka za mashamba ao ya idrojeni ya umeme wa jua na upepo, ingali kidogo na bei yake iko juu.

Tena kuko mutu wa chumba cha motere. Metanoli ni sumu: kidogo tu mu tumbo inaweza kupofusha mutu, na inaingia pia mu ngozi na mu pumuzi. Mvuke wake unaweza kushika moto kwenye joto la digri 12 hivi, wakati mazuti ya meli inaomba 60 ao zaidi. Na mchana ule moto hauonekane muzuri kwa macho! Njo maana inaomba bomba zenye ganda mbili, vyombo vya kupima mvuke, azoti mu matanki.

Siye tunaotumika na asidi mu mini tunajua hii hadithi: dawa mpya inafika kwanza, ganti na maski zinafuata nyuma, saa ingine kisha ajali.

OMI ilitoa maagizo ya muda juu ya metanoli mu 2020. Sendika za mabaharia zinapashwa kudai mafunzo mbele ya meli kutoka bandarini, na kwa lugha ile watumikaji wanasikia. Na munumuzi wa shaba yetu akijisifu kama meli zake ni za kijani, tumuombe karatasi mbili: ya usini ile metanoli ilitoka, na ya mafunzo ya mabaharia wake.