Tarehe 7 haihitaji tangazo

KUTOKA NJIAPANDA
Na Paskali Tluway

Mama ninayenunua maharage kwake pale sokoni Karatu hana kalenda, na simu yake ni kitochi. Ukimuuliza leo tarehe ngapi, anakujibu, "Zimebaki nne." Zimebaki nne kufika tarehe 7, yaani siku ya mnada. Hesabu yake ya mwezi inaanzia hapo na kuishia hapo. Na mnada wenyewe sijawahi kuuona umebandikwa kwenye ukuta wowote. Hata mzungu anayelala kwetu usiku mmoja akielekea kreta ya Ngorongoro anaijua tarehe hiyo, maana imeandikwa kwenye vitabu vyao vya safari.

Siku hiyo wanashuka watu kutoka Mbulumbulu na Rhotia, wanapanda wengine kutoka Mang'ola na magunia ya vitunguu, na wapo waliotembea na ng'ombe tangu usiku wa manane. Wairaqw, Wamasai, Wadatoga na wauza mitumba waliotoka Arusha alfajiri, wote uwanja mmoja. Saa nne asubuhi moshi wa nyama choma umeshatanda, na chini kwenye turubai zimepangwa sufuria, majembe na katambuga zilizokatwa kwenye tairi la lori, bado zina alama za barabara. Mwenye mbuzi mmoja na mwenye ng'ombe ishirini wanapigwa na vumbi lile lile.

Sasa chukua mambo mengine yote yanayotokea hapa mjini, uone yanavyotufikia.

Mwezi uliopita nilipita ofisi moja ya kata. Sitaitaja, maana bado nina shida zangu pale. Ubaoni kulikuwa na tangazo la mikopo ya vikundi, limebandikwa juu ya tangazo la chanjo ya mbwa, gundi imeachia upande mmoja. Barua ilisainiwa tarehe 2. Muhuri wa kupokelewa ulikuwa wa tarehe 16. Mwisho wa maombi tarehe 18. Mimi nilikuwa nimesimama pale tarehe 21. Pembeni yangu binti mmoja alikuwa analipiga picha kwa simu awatumie wenzake wa kikundi cha ushonaji. Nikamwonyesha tarehe kwa kidole. Akatazama, akaifuta ile picha, akaniaga kwa heshima zote, "Haya baba, asante," akaondoka.

Mikopo hiyo si hisani ya mtu. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine ni hewa, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya wa kuombea mtandaoni. Nakubali utaratibu ulihitaji kunyooshwa. Lakini mfumo wa mtandaoni unamsaidia aliyekwisha kupata habari. Asiyejua kwamba dirisha limefunguliwa hana sababu ya kwenda kuomba bando la kumfikisha dirishani.

Na huko mtandaoni ndiko maofisa wote wanakokimbilia ukiwauliza. "Mbona tumeweka kwenye grupu?" Grupu lipi, mkuu? Mimi nimo kwenye magrupu saba ya WhatsApp ya mji huu, na asubuhi ya leo nimekuta ujumbe mia mbili na kitu: rambirambi, picha za maua ya kutakiana siku njema, video ya simba aliyekaa barabarani, na ugomvi wa Simba wengine na Yanga. Kama kulikuwa na nafasi ya kazi humo ndani, imezikwa hai.

Na si mikopo na kazi tu. Desemba huwa ni mwezi wa Tamasha la Michezo la Karatu, ambalo Taasisi ya Filbert Bayi imelilea tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Kuna riadha, baiskeli, mpira wa wavu, na ngoma za asili ambazo mimi binafsi ndizo hunitoa nyumbani. Linakuja wakati watoto wetu walioko Arusha na Dar es Salaam wanarudi kula sikukuu. Halafu Aprili, mvua zikiwa zimekolea, kuna mbio za Ngorongoro, zinazoanzia lango la Lodoare na kumalizikia uwanja wa Mazingira Bora hapa mjini. Anayeshuka kutoka lile lango kwa miguu anajua mapafu yake yametengenezwa kwa kitu gani.

Siyo bahati kwamba mambo haya yapo kwetu. Bayi mwenyewe ni mtoto wa Karatu, aliyezaliwa 1953. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, alichomoka mbele tangu hatua za kwanza za mita 1500, hakumpisha mtu, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea na bandeji gotini, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, alitoka Mbulu, enzi ambazo Karatu yetu nayo ilikuwa Mbulu hiyo hiyo. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Nilikuwa kwa kinyozi siku ile marudio yalipoonyeshwa. Kinyozi aliweka mashine chini, nikabaki nusu kichwa, na hakuna aliyelalamika.

Lakini mwaka fulani, kwenye mbio moja ya barabarani ya huku kwetu, nilisimama kando ya lami nikaona kijana akipita katikati ya kundi la mbele hana namba kifuani. Raba zake mguu mmoja mweusi, mwingine wa bluu. Alikuwa anakimbia vizuri, kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuwahi ng'ombe mtoni. Kilometa chache baadaye msimamizi alimtoa barabarani, na kwa kanuni alikuwa na haki ya kumtoa, kwani mtu asiyejiandikisha haeleweki. Nilimkuta amekaa mtaroni. Nikamuuliza kwa nini hakujiandikisha. Akasema, "Nimeona magari yanapita na vipaza sauti leo asubuhi, mzee. Nikauliza kuna nini, wakasema mbio." Uandikishaji ulikuwa umefungwa wiki moja nyuma.

Kuhusu kazi za hoteli sina la kusema jingi, wote tunalijua. Msimu wa wageni unaanza Juni, watu wanachukuliwa kabla ya hapo, na nafasi inamfikia yule mwenye shemeji jikoni. Zabuni ndogo nazo ni hivyo hivyo: sheria ya ununuzi wa umma ya 2023 imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yote yakipitia mfumo wa ununuzi wa mtandaoni uitwao NeST, na nina hakika nikisimama mnadani nikauliza NeST ni nini, nitaonyeshwa banda la kuku.

Ninachoomba kwa halmashauri ni kidogo mno, hata naona haya kukiandika gazetini. Kila tarehe 7, wekeni meza moja mnadani. Meza, viti viwili, mwavuli, ofisa maendeleo ya jamii mmoja, na orodha ya mwezi: mikopo inafunguliwa lini na kufungwa lini, nani anaajiri, chuo gani kinapokea fomu, chanjo ya mifugo iko kata gani, tamasha lini, mbio zinaandikisha wapi. Anayesikia leo atalisema Endabash kesho, na Jumapili litakuwa limefika kanisani bila kulipiwa. Barua inayosainiwa tarehe 2 ingekuwa imewafikia watu tarehe 7, siku kumi na moja kabla ya mwisho wa maombi.

Najua nitaambiwa hakuna fungu wala watumishi. Basi niwakumbushe kwamba watumishi wenu mnadani wapo siku zote. Sijawahi kuona mnada uliokosa mtoza ushuru. Mvua inyeshe, gari liharibike, yeye yupo na mashine yake ya risiti, na kila mnyama anayeuzwa anamwona. Halmashauri inajua vizuri sana watu wake wako wapi tarehe 7.

Nikafikiri, hebu nipime mwenyewe. Mnada uliopita nilimfuata yule kijana anayeuza sumu ya panya. Mnamfahamu. Ana baiskeli, betri ya pikipiki na spika iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, na sauti yake aliyoirekodi inarudia kutwa nzima: panya, mende, kunguni, viroboto. Hakuna mtu Karatu asiyejua bei ya sumu ile. Watoto wanaiimba wakirudi shule.

Nikamwuliza, nikikuletea tangazo la serikali ulisome katikati ya hao panya na kunguni, unanitoza ngapi?

Alinipima macho kwanza, kama ananiona mtu wa kodi. Kisha akapunguza sauti ya spika.

"Kutwa nzima elfu tano, mzee. Lakini uniletee mapema, nirekodi tarehe 6 usiku."