Adhabu ya Mchongezi katika Sanaa ya Uholanzi

Mwaka 1568, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Pieter Bruegel alichora picha ndogo ya rangi ya mafuta ambayo sasa iko Darmstadt, Ujerumani. Juu ya kilima umesimama mti wa kunyongea, na juu ya mti huo ametua ndege wa jamii ya kunguru, mweusi kwa mweupe, anayesifika kwa domo. Jirani yake wanakijiji wanacheza ngoma. Kwenye kona ya chini kushoto mtu amechuchumaa akijisaidia, jambo ambalo wahakiki wenye haya hulipita haraka. Karel van Mander, aliyeandika habari za wachoraji mwaka 1604, alisema Bruegel alimwachia mkewe picha hiyo kwa wasia, na kwamba ndege yule ni wasengenyaji, ambao mchoraji aliwahukumia kitanzi.

Maelezo hayo yamerudiwa mno, lakini picha yenyewe haiyaungi mkono sana. Hakuna anayening'inia. Ndege hakufungwa wala hakujeruhiwa. Amekaa pale kwa raha zake. Mwaka uliotangulia picha hiyo, Duke wa Alba alikuwa ameingia Brussels na jeshi la Hispania, akaunda baraza la kuwahukumu waasi na wapinzani wa Kanisa Katoliki. Katika siku hizo neno la mchongezi liliweza kumpeleka mtu kwenye kifo. Ndege wa Bruegel anafanana zaidi na anayewanyongesha wenzake kuliko anayengoja kunyongwa.

Miaka mitatu kabla ya picha hiyo, Bruegel alikuwa ameigusa mada hiyo kwa mchoro wa wino, uliohifadhiwa British Museum. Kisa chake kinatoka kwa Lucian, mwandishi wa Kigiriki: mchoraji Apelles alichongewa na mwenzake Antiphilos kwa mfalme Ptolemaio wa Misri. Ukweli ulipojulikana, Apelles alipewa talanta 100, na Antiphilos akatolewa kuwa mtumwa wake. Adhabu hiyo haimo katika mchoro. Kilichomo ni Uchongezi akimburuta asiye na hatia kwa nywele mbele ya mtawala mwenye masikio marefu, huku Ujinga na Shuku wakiwa kando yake. Toba na Ukweli wako mkiani mwa msafara. Lawama nzito inamwangukia anayesikiliza.

Karne iliyofuata, Uholanzi ilipata kesi yake. Tarehe 13 Mei 1619, Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi mzee wa serikali, alikatwa kichwa mjini The Hague baada ya vijitabu vingi kumzulia kwamba ameiuza nchi kwa Hispania. Mwaka 1625 mshairi Joost van den Vondel alitoa tamthilia kuhusu Palamedes, shujaa wa Kigiriki aliyeuawa kwa kusingiziwa, na wasomaji walijua mara moja nani anasemwa. Amsterdam ikamtoza Vondel faini ya gilda 300: mtetezi wa aliyechongewa ndiye aliyeadhibiwa.

Mchoraji Cornelis Saftleven alisubiri hadi 1663, miaka 44 baada ya hukumu ya Oldenbarnevelt, ndipo akawachora waamuzi wa kesi hiyo kwa sura za wanyama na ndege. Picha hiyo ni mali ya Rijksmuseum, Amsterdam. Msomaji anayetaka kuiona kesi ile kwa upande wa aliyezuliwa na aanzie hapo.