Mwani wa Donegal na Mwani wa Kibuyuni

Huenda msomaji akashtuka kuona ukurasa huu ukitaja jin, mvinyo wa Wazungu. Asishtuke. Haramu ni haramu, na hapa halitolewi neno la kuihalalisha. Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na watengenezaji wa jin wa Ayalandi wana jambo moja ambalo sisi watu wa pwani yatupasa kulitazama.

Jin ni pombe kali inayotoneshwa kwa mvuke na kutiwa ladha ya matunda ya junipa, mti ulio jamaa moja na mtarakwa wa huku kwetu bara. Kwa sheria za Ulaya, kileo chake hakipungui asilimia 37.5. Juu ya junipa, kila mtengenezaji huongeza majani, maua na maganda ayapendayo. Miaka ya karibuni vimezuka Ayalandi viwanda vidogo vitoavyo chupa chache kwa kila mpiko, na fahari yao ni mimea ya kwao wenyewe. Huko Donegal, kaskazini magharibi, kiwanda cha Sliabh Liag hutia aina tano za mwani uliovunwa pwani yao, na jin yenyewe wameiita An Dúlamán, jina la mwani mmojawapo kwa lugha ya Kiayalandi.

Hapo ndipo penye funzo. Miongoni mwa mwani huo umo uitwao karagini. Ndio uliolipa jina karaginani, ute unaotiwa katika aiskrimu na dawa ya meno ili ziwe nzito. Na ute uo huo ndio utafutwao katika mwani wetu wa Kibuyuni, Kwale, na wa Unguja, ambako kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989. Kina mama zetu hushinda majini bahari ikipwa, wakifunga miche kambani, kisha wakivuna na kuanika. Baada ya taabu yote hiyo, mwingi huenda ng'ambo ndani ya magunia, mkavu vivyo hivyo. Huko hufanywa bidhaa ambazo juu yake huoni jina la Kibuyuni wala la Paje.

Wapo watakaosema: basi nasi tutie mwani wetu katika mvinyo, tuwauzie watalii, fedha ni fedha. La, hasha! Mwani hauisafishi pombe. Ayalandi yenyewe imeonja madhara yake, hata tangu Januari 2022 sheria yao inakataza kuuza kileo chini ya bei iliyowekwa.

Tuchukue fahari yao, tuwaachie chupa yao. Tayari kina mama wa Kibuyuni na wa Unguja wanatengeneza sabuni ya mwani. Wanachohitaji ni mtaji, mashine, karatasi nzuri ya kufungia yenye jina la kijiji chao, na zaidi ya yote, mnunuzi. Mwenye duka Mombasa anayepanga rafuni sabuni za ng'ambo, aipe na hii nafasi mbele ya macho ya watu. Nasi tuingiapo dukani, tuiulizie kwa jina. Mtu wa Donegal haoni haya kutaja mwani wake. Sisi, ambao wetu unaweza kuoga mwili wa Muislamu pasipo shaka, tunaona haya ya nini?