Methamfetamini Yaleta Changamoto Mpya Katika Tiba ya Waraibu

Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za dawa za kulevya katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa, sehemu yake ikiwa imefichwa kwenye vifungashio vyenye nembo za kahawa na chai. Wananchi wengi walishangazwa na wingi wa shehena hiyo. Jambo lililostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa methamfetamini, wala si heroini iliyozoeleka.

Tofauti hiyo si ndogo. Bangi na mirungi vina mashamba yanayoweza kuteketezwa. Methamfetamini hutengenezwa kwa kemikali bashirifu kama efedrini na pseudoefedrini, ambazo pia hutumika kihalali katika dawa za mafua. Kwa hiyo udhibiti hauna budi kufika forodhani, kwenye maghala na katika maduka ya dawa, bila kumkosesha mgonjwa tiba anayoihitaji.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika matibabu. Tangu mwaka 2011, ilipoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, methadoni imewarejesha waraibu wengi wa heroini katika kazi na familia zao. Hata hivyo, methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii yake pekee. Mtumiaji wa methamfetamini hana dawa mbadala ya namna hiyo. Tegemeo lake kuu ni unasihi, tiba ya kisaikolojia na usimamizi wa karibu wa muda mrefu, pamoja na huduma ya afya ya akili pale anapoanza kusikia sauti au kuamini kuwa anawindwa. Maana yake ni kwamba wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii wanahitajika sawa na askari wa doria baharini.

Elimu kwa familia nayo inahitaji kubadilika. Kijana anayekesha siku kadhaa bila kulala wala kula, na kumshuku kila mtu, ni rahisi kudhaniwa amerogwa, na miezi ikapotea kwa waganga. Ndugu wanaoona dalili hizo wanashauriwa kumfikisha kituo cha afya mapema. Taarifa za wauzaji hupokelewa na DCEA bila malipo kwa simu namba 119.