Mgeni wa Timu Apewe Jembe Lake

Hivi karibuni tulipita Kiyeyi, katika wilaya ya Tororo, mahali pasipo mbali na mpaka wa Uganda na Kenya. Jioni hiyo askari waliokuwa mapumzikoni walikuwa wakicheza mpira wa kikapu pamoja na vijana wa hapo, katika kiwanja cha udongo chenye milingoti miwili. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja mrefu, aliyehamishiwa upande huo miezi michache tu iliyopita. Alipokuwa akilinda, hapana aliyethubutu kulikaribia kikapu chake. Lakini timu yake ilipopata mpira na kusonga mbele, kijana huyo aligeuka kuwa mtazamaji. Wenzake hawakumpa pasi hata moja, naye hakujua asimame wapi.

Mchezo ulipokwisha alitusogelea, akatupa heshima, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Afande, kule nilikotoka nilikuwa nguzo. Hapa wanasema nawaharibia mashambulizi. Nimeamua kuviacha viatu hivi." Hatukuwa na jibu la haraka la kumpa. Haya tunayoyaandika leo ndiyo jibu letu kwake, na kwa kila askari aliyewahi kuhamia timu mpya akiwa na sifa ya ulinzi peke yake.

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali hii watu wengi huitumia kumhimiza mgeni mvivu. Sisi twaiona kuwa inamwagiza mwenyeji vilevile. Mgeni hana budi kulima, ni kweli. Lakini jembe hupewa na mwenye shamba, na mwenye shamba ndiye aonyeshaye mpaka wa tuta. Mchezaji mlinzi aingiapo katika timu mpya, pande zote mbili zina wajibu: yeye ajifunze kazi ya kufanya wakati wa mashambulizi, na timu imwonyeshe kazi hiyo ni ipi.

Kwanza yatupasa kukiri kwamba lawama za wale wachezaji wa Kiyeyi hazikutoka hewani. Katika mpira wa kikapu kila upande huwa na watu watano uwanjani. Mpinzani akishatambua kwamba mmoja wenu hawezi kumdhuru, humwacha asimame peke yake, na yule aliyepaswa kumchunga huenda kumsaidia mwenzake kumzonga mfungaji wenu hodari. Hapo mnabaki wanne mkishambulia ngome ya watu watano. Askari yeyote anaelewa maana ya hesabu hiyo. Kwa hiyo swali la msingi kwa mlinzi mgeni si pointi ngapi atafunga. Swali ni hili: mpinzani akimwacha, ataadhibiwa kwa namna gani?

Tutazame mifano ya watu waliopita njia hiyo. Marehemu Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akafariki dunia tarehe 30 Septemba 2024. Alikuwa na kimo cha meta 2.18, na mara 4 alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi kuu ya Marekani. Mwezi wa Februari mwaka 2001, msimu ukiwa katikati, alihamishwa kutoka Atlanta kwenda Philadelphia. Huko alimkuta Allen Iverson, mtu mfupi kwa kipimo cha mchezo huo, ambaye msimu ule aliongoza ligi nzima kwa wastani wa pointi 31.1 kwa mchezo. Timu ilikuwa imekwisha kujengwa kumzunguka Iverson, na mpira ulikuwa mikononi mwake karibu wakati wote.

Je, Mutombo alidai mpira? La hasha. Aliwazibia njia walinzi waliomfukuza Iverson, na Iverson alipotupa akakosa, kama ilivyomtokea mara nyingi kwa sababu alitupa mara nyingi, Mutombo alikuwa chini ya kikapu akiupigania mpira uliorudi. Katika michezo ya mtoano ya mwaka ule alidaka wastani wa mipira zaidi ya 13 kwa kila mchezo. Philadelphia ilifika fainali, ikaishinda Los Angeles Lakers katika mchezo wa kwanza ugenini, kabla ya kushindwa michezo minne iliyofuata. Mlinzi yule aliingia katika mashambulizi ya timu mpya bila kubadilika kuwa mfungaji. Alizitumia nguvu zilezile za ulinzi mbele ya kikapu cha mpinzani.

Mfano wa pili ni wa nyumbani, nao una uchungu. Hasheem Thabeet, mwana wa Dar es Salaam, alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alisifika kwa kuzuia mitupo ya wapinzani, na mwaka 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka huohuo Memphis Grizzlies walimchagua wa pili miongoni mwa chipukizi wote. Lakini chini ya kikapu cha Memphis walikuwako Marc Gasol na Zach Randolph, watu waliojua kufunga. Thabeet alipata dakika chache, na wastani wake msimu wa kwanza ulikuwa pointi 3.1 kwa mchezo. Mwezi wa Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini, na mwaka mmoja baadaye akahamishiwa Houston. Kisha akapita Portland na Oklahoma City.

Wako wanaomcheka. Sisi hatuoni la kucheka. Mtu aliyeanza kucheza akiwa na miaka 15 alikuwa bado mwanafunzi alipotupwa kati ya mafundi waliolelewa na mpira tangu utotoni. Kuzuia mtupo ni kipaji kilichomjia pamoja na kimo chake. Kujua asimame wapi wakati wenzake wanashambulia ni elimu inayotaka miaka. Mlinzi anayehamahama kabla elimu hiyo haijakaa hulazimika kuianza upya kila afikapo. Nasi askari, ambao maisha yetu ni uhamisho, tuna sababu ya kulitafakari jambo hili kuliko watu wengine.

Mfano wa tatu unatuhusu Waganda moja kwa moja. Ishmail Wainright alizaliwa Marekani, akapata uraia wa Uganda, na mwaka 2021 alivaa jezi ya Silverbacks katika mashindano ya Afrika mjini Kigali. Uganda iliitoa Nigeria kwa pointi 80 kwa 68 na kufika robo fainali kwa mara ya kwanza. Katika timu ile Wainright alikuwa mmoja wa nguzo za mashambulizi. Baada ya muda mfupi alijiunga na Phoenix Suns, timu iliyokuwa na wafungaji kama Devin Booker na Chris Paul. Kule hakuwa nguzo tena. Alitakiwa kuwachunga wapinzani wakali kwa kifua chake kipana, na timu iliposhambulia asimame pembeni, tayari kutupa pindi mpira umfikiapo. Mtu alikuwa yuleyule, lakini kila shamba lilimpa jembe lake. Alikubali, naye mwezi wa Aprili 2022 alipewa mkataba kamili badala ya ule wa muda.

Kutokana na mifano hiyo twaweza kumweleza kijana wetu wa Kiyeyi kazi nne, ambazo hakuna hata moja inayomtaka awe mfungaji hodari.

Ya kwanza ni kuzibia njia, kitendo ambacho wachezaji hukiita skrini. Asimame imara, miguu imetulia, ili mlinzi anayemfuata mfungaji wetu akutane na mwili wake. Akisogea wakati wa kugongana, mwamuzi atamhesabia kosa. Akisimama sawasawa, mfungaji atapata nafasi ya kupumua na kulenga. Tunalijua jambo hili katika mafunzo yetu: wakati kundi moja linapanda kilima, kundi jingine hulala chini likifyatua risasi ili adui asiinue kichwa. Bendera husimikwa na waliopanda, lakini hakuna kamanda anayewasahau waliofyatua.

Ya pili ni kugeuka na kukimbilia kikapu mara tu baada ya kuzibia njia. Mara nyingi walinzi wawili humkimbilia mwenye mpira kwa pamoja, na yule aliyezibia husahauliwa. Hapo pasi moja humkuta chini ya kikapu, hatua mbili tu kutoka kwenye pointi. Asikae tu humo akisubiri, maana kanuni hairuhusu mshambuliaji kukaa zaidi ya sekunde 3 mfululizo katika eneo lililochorwa chini ya kikapu cha mpinzani. Aingie, atoke, aingie tena.

Ya tatu ni kuupigania mpira uliokosa. Mpira ukigusa chuma cha kikapu na kudakwa na upande uleule ulioutupa, saa ya mashambulizi hurudishwa kwenye sekunde 14, na timu huanza upya. Kila mpira anaoudaka ni shambulizi jipya ambalo wenzake hawakulitegemea. Mlinzi mzuri anayo tayari silaha ya kazi hii, kwa kuwa amezoea kusoma mpira utaangukia wapi.

Ya nne ni mtupo mmoja tu, uliofanyiwa mazoezi hata mkono ukauzoea. Kwa vipimo vya kimataifa mstari wa pointi tatu uko meta 6.75 kutoka kikapuni, lakini katika pembe za uwanja ni meta 6.60. Pembe ni mahali pa karibu zaidi, na mtupaji hahitaji kuhangaika na mpira. Hungoja, hupokea, hutupa. Mlinzi akiweza kufunga kutoka pembeni, hata kwa kiasi, mpinzani hataweza kumwacha tena, na ile hesabu ya wanne kwa watano itakuwa imevunjika.

Hayo ni ya mgeni. Sasa tuwageukie wenyeji, na hapa hatutauma maneno. Kapteni anayemwambia mchezaji mpya "wewe zuia tu" amempa nusu ya kazi, kisha atamlaumu kwa nusu ambayo hakumpa. Mwalimu wa timu amwambie kwa maneno ya wazi: mpira ukiwa kulia, wewe simama hapa, fulani akianza kukimbia, wewe mzibie njia mlinzi wake. Askari aliyewekwa katika lindo la mpakani huonyeshwa eneo lake, saa zake na nani yuko upande wake wa kushoto. Hatumwachi akisie. Kwa nini basi tumwache akisie uwanjani?

Aidha, timu isiwaweke pamoja chini ya kikapu watu wawili wasioweza kutupa kutoka mbali, kwa maana watabanana na kumzibia njia mwenzao badala ya mpinzani. Na anapokimbia uwanja mzima baada ya kuzuia mtupo, apewe mpira angalau mara moja moja. Mtu anayekimbia mara kumi bila kutazamwa, mara ya kumi na moja atatembea. Twapendekeza pia kwamba daftari la timu lisiandike pointi peke yake, bali liandike njia zilizozibwa na mipira iliyodakwa, na yasomwe mbele ya wote baada ya mchezo. Kisichoandikwa husahauliwa, na anayesahauliwa huondoka.

Jambo hili si dogo kwa vikosi vyetu. UPDF inayo timu yake katika ligi ya Uganda, na wenzetu wa Kenya wanayo Ulinzi Warriors. Timu za namna hiyo huchota wachezaji kutoka katika viwanja vya udongo kama kile cha Kiyeyi, na wachezaji hao huja na kwenda kwa amri ya uhamisho. Mfungaji akihamishwa, kipaji chake hujitangaza siku ya kwanza. Mlinzi akihamishwa, kipaji chake huonekana tu kama wenzake wamejua kukitumia. Tukiwapoteza walinzi kwa sababu ya uvivu wa kuwaeleza kazi, tutabaki na wafungaji wanaogombania mpira mmoja, na kikapu chetu kikiwa wazi.

Kwa hiyo, ewe kijana wa Kiyeyi, usiviache viatu. Nenda kwa kapteni wako, umwombe jembe. Mwambie: "Nionyeshe pa kusimama, na mtu wa kumzibia njia." Nawe kapteni, usimjibu kwamba yeye ni wa kuzuia tu. Siku zake mbili za ugeni zimekwisha pita, na shamba lingali na magugu.